Sarafu za zamani za Marekani zina thamani gani kweli? Soma haya kabla ya kutuma "ada ya usajili"

Pengine umeshatumiwa ujumbe kama huu: "Tunanunua dola na senti za zamani za Marekani. Dola ya 1804 tunalipa milioni 2. Tuma picha, lipa 3,500 ya usajili, pesa yako inaingia leo." Chini kuna nambari ya simu, picha ya sarafu inayong'aa, na picha ya mtu ameshika mabunda ya noti.

Wanaotuuliza kuhusu ujumbe wa aina hii ni wa namna mbili. Wa kwanza wana sarafu kweli: mjomba alirudi nayo kutoka Boston, au ilikutwa kwenye sanduku la marehemu babu. Wa pili hawana kitu, lakini wameambiwa wachange pesa wanunue sarafu moja kwa sababu "bei yake haishuki."

Jibu letu fupi ni hili: sarafu za mwanzo za Marekani zenye thamani kubwa zipo, na biashara yake ni halali. Lakini thamani hiyo haitokani na uzee wala mwaka ulioandikwa. Inatokana na ushahidi kwamba sarafu ni ile inayosemekana kuwa. Anayekutajia bei bila kuishika sarafu, halafu akataka wewe ndiye utume pesa, hanunui sarafu. Ananunua imani yako.

Sasa hebu tueleze kwa utaratibu, na tuanze na hiyo dola ya 1804, maana ina uhusiano na pwani yetu.

Dola ya 1804 haikutengenezwa 1804

Mnamo 1833 Marekani ilitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Muscat aliyekuwa pia na himaya Zanzibar. Wafanyabiashara wa Marekani walikuwa wameshaanza kuzoea bandari ya Unguja, na kitambaa chao cha pamba ndicho kilichopewa jina la merikani hapa kwetu. Mjumbe aliyesimamia mkataba huo, Edmund Roberts, alikuwa mfanyabiashara aliyewahi kufika Zanzibar mwenyewe.

Serikali ya Marekani ikaamua kuwatumia watawala zawadi, ikiwemo seti ya sarafu zake zote. Kulikuwa na tatizo moja: dola za fedha zilikuwa hazitengenezwi tena kwa miaka mingi. Vitabu vya kiwanda cha sarafu vilionyesha kwamba mara ya mwisho ilikuwa 1804, dola 19,570. Kwa hiyo mwaka 1834 mafundi wakatengeneza dola chache mpya na kuziandika 1804. Kumbe zile 19,570 za awali zilikuwa zimetumia mihuri ya miaka iliyotangulia. Hakuna hata moja iliyokuwa na mwaka 1804.

Seti moja ilikwenda kwa Sayyid Said mwaka 1835. Nyingine ilikwenda kwa mfalme wa Siam, nchi tunayoiita leo Thailand. Dola za kundi hilo la kwanza zinazojulikana duniani ni 8 tu. Baadaye, miaka ya 1850 na kitu, watu wa ndani ya kiwanda walitengeneza nyingine chache kimyakimya ili wawauzie wakusanyaji.

Moja kati ya zile 8, ambayo wataalamu wanaamini ndiyo ya Sayyid Said, iliuzwa mnadani Marekani mwaka 2021 kwa dola 7,680,000. Hayo ni mamia ya mamilioni ya shilingi.

Sasa rudi kwenye ule ujumbe. Anayesema atanunua dola ya 1804 kwa milioni 2 hajui anachokitaja, au anajua vizuri kwamba wewe hujui. Na kama unayo sarafu yenye mwaka 1804 na sura ya dola, karibu kwa hakika ni ya bandia, kwa sababu hiyo ni miongoni mwa sarafu zinazoigwa sana duniani.

Zilianza vipi

Baada ya kupata uhuru, Wamarekani waliendelea kutumia pesa za kila aina: za Kihispania, za Kiingereza, na zilizotengenezwa na majimbo. Sheria ya tarehe 2 Aprili 1792 ndiyo iliyoanzisha kiwanda cha sarafu cha taifa katika mji wa Philadelphia na kuweka dola kuwa kipimo chao cha pesa. Mkurugenzi wa kwanza alikuwa David Rittenhouse, mwanasayansi.

Kazi ilianza kwa shida. Shaba ilikuwa haba, mashine ziliendeshwa kwa nguvu za watu na farasi, na kila muhuri ulichongwa kwa mkono. Mambo matatu ya miaka hiyo ndiyo wakusanyaji wanayafuatilia hadi leo:

- Senti ya mnyororo, 1793. Ni ya shaba, ina gramu 13.48, nzito kuliko senti yoyote ya leo. Upande mmoja ina pete 15 za mnyororo zilizoungana, kuashiria umoja wa majimbo. Watu walilalamika kwamba mnyororo si ishara ya uhuru. Zilipofika 36,103 mchoro ukabadilishwa.
- Dola ya 1794. Hii ndiyo dola ya kwanza ya fedha. Zilitolewa 1,758 tu.
- Sarafu za dhahabu za 1795. Hizi ni za dola 5 na dola 10, za kwanza za dhahabu kutoka kiwanda hicho.

Senti kubwa za shaba ziliendelea kutengenezwa hadi 1857, ndipo senti ndogo ikachukua nafasi yake.

Kinachopandisha bei ni mambo manne

*Uhaba.* Linganisha senti mbili kubwa. Ile ya mnyororo ya 1793 zilikuwa 36,103. Ya mwaka 1851 zilikuwa 9,889,707. Ya kwanza, hata ikiwa imechakaa, huuzwa kwa maelfu ya dola. Ya pili, ikiwa imechakaa hivyo hivyo, hupatikana kwa makumi ya dola. Zote ni "senti za zamani za Marekani."

*Wanaoitaka.* Sarafu ndogo za shaba za Roma ya kale, zenye zaidi ya miaka 1,600, nyingi zinauzwa kwa bei ya chakula cha mchana hotelini, kwa sababu ziko nyingi kuliko wanaozitafuta. Umri peke yake haununui kitu.

*Hali.* Wakusanyaji hupima hali ya sarafu kwa ngazi ya 1 hadi 70. Ngazi hiyo ilibuniwa na William Sheldon mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za shaba. Moja ni sarafu iliyosuguka hadi inatambulika kwa shida, na 70 ni isiyo na dosari hata ukitumia lenzi. Ile dola ya Sayyid Said ilipewa 68. Hatua moja kwenye ngazi hiyo inaweza kuzidisha bei mara mbili au zaidi.

*Uhalisi.* Hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Usiamini mwaka ulioandikwa. Mbali na dola ya 1804, koloni la Massachusetts lilitengeneza shilingi za fedha kwa karibu miaka 30 na kuendelea kuandika 1652. Na ile reale kubwa ya fedha iliyotumika sana pwani yetu zamani, yenye sura ya Malkia Maria Theresa, imeandikwa 1780 hata kama imetengenezwa jana. Kama serikali zenyewe huandika mwaka usio wa kweli, sembuse tapeli?

Ndiyo maana sarafu ya bei hupelekwa kwa makampuni yanayokagua na kupanga daraja. Yanayoaminika zaidi Marekani ni PCGS na NGC, yote yakiwa yameanza miaka ya 1980. Yakishaikagua, sarafu hufungwa ndani ya kasha gumu la plastiki lenye nambari yake, na nambari hiyo unaweza kuitafuta bure kwenye tovuti ya kampuni. Lakini kaa macho: hata makasha hayo huigwa. Nambari peke yake haitoshi. Linganisha picha iliyo kwenye tovuti na sarafu yenyewe, mkwaruzo kwa mkwaruzo.

Je, ni uwekezaji mzuri?

Anayekuuzia atakuambia "sarafu adimu haishuki bei." Tuchukue ile ile dola ya Sayyid Said tufanye hesabu.

Mwaka 1999 iliuzwa kwa dola 4,140,000. Mwaka 2016 ilipelekwa mnadani, lakini dau halikufika kiwango alichotaka mwenyewe, kwa hiyo haikuuzwa. Mwaka 2021 ikauzwa kwa dola 7,680,000. Ukisikia hivyo unasema ni faida kubwa. Lakini ni miaka 22. Ukigawanya vizuri, ni ukuaji wa karibu asilimia 2.8 kwa mwaka, kabla ya kutoa bima, ulinzi na ada za mnada. Na hiyo ni moja ya sarafu mashuhuri kuliko zote duniani.

Mfano wa pili ni dola moja ya 1794 iliyo katika hali ya juu sana. Mwaka 2013 iliuzwa kwa dola 10,016,875. Mwaka 2020 mwenyewe aliipeleka mnadani Las Vegas, na haikupata aliyefikia bei ya chini aliyoweka. Mali unayo, lakini pesa huna.

Kuna na ada. Kwenye minada mikubwa mnunuzi huongeza juu ya dau, mara nyingi karibu asilimia 20. Tuseme dau ni 100,000: mnunuzi analipa 120,000, na muuzaji anapokea 100,000 au pungufu. Ukinunua leo kwa 120,000 na ukauza kesho kwa dau lile lile, umeshapoteza 20,000 na bei haijashuka hata shilingi moja.

Sarafu pia hailipi riba, haina gawio kama hisa za sacco, na huwezi kuuza robo yake ulipe karo ya shule Januari. Wanaofanikiwa ni wale waliosoma miaka mingi, wananunua kwa kupenda, na wana pesa wasizozihitaji karibuni. Kwa hivyo ushauri wetu: pesa ya dharura, ya karo au ya mkopo isiingie kwenye sarafu.

Ukiwa na sarafu mkononi, fanya hivi

1. Usiisugue. Wacha majivu, ndimu, sabuni ya unga na waya wa sufuria. Sarafu iliyosuguliwa inang'aa, lakini kwa mkusanyaji imeharibika, na kilichotoka hakirudi. Ishike kwa kingo zake tu.
2. Itafute neno COPY. Sheria ya Marekani ya 1973 inataka sarafu za kuiga ziwekwe neno hilo. Ukiliona, ni pambo. Usipoliona, bado hujathibitisha chochote.
3. Jaribu sumaku. Dhahabu, fedha na shaba hazivutwi na sumaku. Ikinata, si yenyewe. Isiponata, endelea kukagua.
4. Ipime uzito. Mizani ya sonara inatosha. Dola ya fedha ya miaka ya mwanzo inapaswa kuwa karibu gramu 26.96. Ikiwa 22 au 30, kuna walakini. Uzito ukiwa sawa pia si ushahidi kamili, kwa sababu waigaji wazuri hupima.
5. Piga picha wazi pande zote mbili, kwenye mwanga wa mchana, pamoja na rula.
6. Linganisha na bei zilizolipwa, si zinazoombwa. Nyumba kubwa za mnada huweka matokeo ya mauzo yao wazi mtandaoni. Mtu anaweza kuandika bei yoyote kwenye tangazo. Kilicho na maana ni alicholipwa.
7. Kama bado inaonyesha matumaini, mshirikishe ndugu unayemwamini aliyeko Marekani awasiliane na kampuni ya ukaguzi au nyumba ya mnada kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao. Kabla ya kutuma, jumlisha gharama: ukaguzi, usafirishaji wenye bima, na ushuru. Sarafu ya dola 30 haistahili safari hiyo. Ibaki nyumbani kama kumbukumbu.

Jinsi matapeli wanavyocheza na simu yako

Mchezo huwa na ngazi. Ya kwanza ni ndogo makusudi: 1,500 au 3,500 ya "usajili." Ukituma, "mnunuzi" anakupongeza na kukutumia cheti chenye mhuri. Kisha inakuja ada ya ukaguzi. Kisha ada ya forodha. Kisha "pesa yako imeshafika benki, imebaki kodi tu." Kila ngazi ni kubwa kuliko iliyotangulia, na kila mara unaambiwa ukiacha sasa utapoteza ulichokwisha kutuma. Hapo ndipo mtu anakopa, anauza mbuzi, anachukua pesa ya chama.

Dalili za kukufanya usimame:

- Bei imetajwa kabla mtu yeyote hajaiona sarafu.
- Anayesema ananunua ndiye anayetaka kupokea pesa. Mnunuzi hulipa, hatozi.
- Ada inakwenda kwa laini ya mtu binafsi, na jina linalotokea kabla ya kuthibitisha halifanani na la "kampuni."
- Unaharakishwa: "ofa inaisha saa kumi."
- Unaombwa PIN, nambari ya siri ya muda iliyotumwa kwa SMS, au picha ya kitambulisho pande zote mbili. Pesa ya kupokea haihitaji PIN yako hata siku moja.
- Kundi limejaa watu wanaoshukuru kwa kulipwa, na wewe pekee ndiye hujalipwa.

Na kama kweli umepata mnunuzi wa hapa nchini, usimwachie sarafu kwa kuangalia SMS peke yake. Ujumbe wa "umepokea" ni rahisi kuigiza. Fungua programu au menyu ya huduma yako, angalia salio mwenyewe, kisha mpe mzigo. Kutaneni mahali penye watu, mchana, na usiende peke yako.

Kama umeshatuma

Usione haya, na usisubiri kesho. Dakika za kwanza ndizo zenye nafasi ya kuzuia pesa kabla haijatolewa kwa wakala.

- Piga simu huduma kwa wateja mara moja, kwa nambari iliyo ndani ya programu au kwenye tovuti rasmi. Usitumie nambari uliyoletewa na "msaidizi" kwenye kundi.
- Toa nambari ya muamala, kiasi na saa. Hatuwezi kuahidi kwamba pesa itarudi, kwa sababu ikishatolewa taslimu hatuna cha kuzuia. Lakini taarifa yako inasaidia laini hiyo kuchunguzwa.
- Hifadhi mazungumzo yote. Usifute kwa hasira.
- Nenda kituo cha polisi, andikisha, uondoke na nambari ya OB.
- Ulitoa PIN? Ibadilishe sasa hivi.
- Akija mtu mwingine akisema atakurudishia pesa yako kwa ada ndogo, huyo ni yule yule, au rafiki yake.

Kama unapenda tu

Hatutaki ukimbie sarafu. Ni somo tamu la historia unalolishika mkononi. Kwa anayetaka kuanza, senti kubwa ya shaba ya miaka ya 1840 au 1850 haigharimu sana, ina uzito mzuri kiganjani, na ilipita mikono mingi kabla ya kufika kwako. Soma kwanza, nunua moja, kaa nayo. Na usisahau sanduku la nyumbani: senti zenye tundu za Afrika Mashariki, za enzi za mkoloni, nazo zina hadithi ya kumsimulia mtoto, hata kama bei yake ni ya chai na andazi.

Ila ujumbe ule ukifika tena, jiulize swali moja tu: nani anamlipa nani? Kama jibu ni kwamba wewe ndiye unayelipa ili ulipwe, weka simu chini. Halafu mtumie makala haya yule shangazi wa kwenye kundi la familia aliyekuwa ameshaanza kutafuta 3,500.